Kilo Hamsini na Nane Juu ya Benchi la Akina Mama

Uvira, Jumapili tarehe 19 Novemba 2023

Baba yangu mpendwa, Mzee Ndahiro,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo, wewe pamoja na Mama, shangazi Pudentienne, na wote wanaolala chini ya paa lako huko Mulenge. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya mwezi huu? Ile dawa ya maji niliyoituma ilikufikia, au ilibaki Luvungi kama ya kwanza? Mimi mwili wangu ni mzima. Dada Gikundiro naye ni mzima, mimba yake sasa ina miezi saba, na mume wake anamsaidia kuchota maji bila kuona aibu. Mvua za huku zimeanza kwa nguvu. Kila zinaponyesha, watu wa upande wetu hutoka kwanza kuuangalia mto ndipo waingize nguo zilizoanikwa.

Barua hii inabebwa na Mama Concilie, anayepanda kununua maharage. Kwa kuwa simu haishiki kwenu, nimemwomba akupe mkononi kabla hajasalimu mtu mwingine. Kuna habari inayopanda mlima, Baba, na nataka uipate kwangu kwanza. Nimeandika barua hii mara tatu. Ile ya kwanza ilianza kuomba msamaha tangu mstari wa pili, nikaichana. Ile ya pili ilikuwa na uongo mmoja mdogo, nayo nikaichana. Hii haiombi msamaha kwa jambo nililolifanya Alhamisi. Unanijua, mimi ni mtu wa kuogopa, hata mbwa aliyefungwa namzunguka kwa mbali. Basi ujue kwamba ninayoyaandika hapa nimeyaandika nikiwa naogopa, na bado nimeyaandika.

Unakumbuka ukumbi wa kungojea kwenye kituo chetu cha afya, pale wanapokaa wajawazito siku ya Jumanne na akina mama wenye watoto wa kupimwa uzito siku ya Alhamisi. Unaukumbuka kuliko mimi, maana yale makabati yaliyojengwa ukutani kutoka kona hadi kona ni kazi ya mkono wako, ya mwaka ule wa mafuriko, ukuta ulipoanguka na kujengwa upya. Kabati za chini zenye milango ndimo ninamotunza rejista. Juu yake ni rafu, na katikati kuna ule ubao mpana uliouacha wazi ili watu wabandike picha za chanjo. Mbele ya makabati hayo, hatua moja tu, ndipo lilipo benchi la kwanza. Kila mama hulipenda kwa sababu liko karibu na mlango wa mizani.

Mwezi wa kumi tulipata zawadi. Bwana Bonaventure, aliyezaliwa katika kituo hiki na sasa anafanya biashara Lubumbashi, alitutumia televisheni kubwa ili akina mama waonyeshwe mafunzo ya afya. Ilipanda meli Kalemie, ikashuka Kalundu, ikaletwa kwa mkokoteni. Siyo zile nyembamba za siku hizi. Ni ya zamani, pana kama mlango, na kioo chake ni kinene. Watu wanne waliibeba kutoka barabarani, na mmoja wao aliuliza kwa sauti kama ndani ya boksi kuna televizyo ao kuna marehemu. Tulicheka wote. Mimi karani, kwa kuwa kazi yangu ni kuandika, nilisoma boksi: kilo hamsini na nane.

Msimamizi wetu, Titulaire Léopold, hakutaka ikae chini juu ya meza. Alisema chini wezi wataifikia na watoto wataigusa kwa mikono yenye mafuta ya samaki wa ndagala. Alitaka iwe juu, kwenye ule ubao wa katikati wa makabati yako, ili hata mama aliyesimama mlangoni aione. Akamwita Ushindi, fundi wa antena. Huyu kijana amefunga televisheni katika mabaa yote kutoka Kalundu hadi Kavimvira, lakini zile alizozizoea ni nyepesi, mtu mmoja huzibeba kwapani.

Ushindi alikuja Jumatatu tarehe sita. Alipiga ukuta kwa ngumi, nao ukajibu kwa ugumu kwa sababu ya lipu ya simenti, akasema hii ni beto, zege tupu, hakuna tatizo. Hakutoboa hata tundu moja kutazama kilicho nyuma ya lipu. Titulaire naye akapiga makabati kwa kiganja, akasema kazi hii ni ya Mzee Ndahiro, na Mzee mwenyewe alisema siku ya kumaliza kwamba hata ng'ombe akipanda hapa hayatikisiki. Nilijivuna, Baba. Nilisimama pale na rejista kifuani nikajivuna.

Lakini nilikuwa nimesoma pia karatasi ya kile chuma cha kuishikia televisheni ubaoni. Iliandikwa kisibebe zaidi ya kilo arobaini. Nilimwambia Ushindi taratibu, kama mtu anayeuliza. Alicheka mpaka akashuka kwenye ngazi. Alisema, "Mademwazeli, hizo kilo bazungu banaziandika juu ya kuogopa kesi. Miye hii nitaikamata kama kupe ku ng'ombe." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Alikaza skrubu nane kwenye ubao wako. Hazikufika ukutani hata moja, zilishika mbao peke yake.

Siku ileile Titulaire alitaka PV, ile hati ya kueleza kazi iliyofanyika. Unajua jinsi ofisi zetu zilivyo, hata ndoo mpya haitumiki kabla ya PV. Mwishoni mwa kila PV kuna sehemu ya maoni, na hapo sisi huandika RAS, yaani hakuna la kusema. Miaka miwili ya kazi yangu sijawahi kuandika neno lingine pale. Niliandika kwamba televisheni imefungwa imara kwenye makabati yaliyojengwa ndani ya ukuta. Maoni: RAS. Nikatia sahihi, nikapiga muhuri.

Jumatano asubuhi mlango wa kabati langu la katikati haukufunga. Tangu uutengeneze, mlango ule ulifungwa kwa kidole kimoja. Sasa ulikuwa unasugua chini kama kiatu kilicholowa. Nikapanda juu ya kiti nikatazama mahali makabati yanapokutana na ukuta, juu kabisa. Palikuwa na mwanya. Nilichomeka karatasi moja ya kuandikia, ikaingia. Nikachora mstari kwa penseli na tarehe kando yake. Alhamisi jioni, baada ya watoto wote kupimwa na kuondoka, iliingia fishi ya mtoto, ile ya karatasi ngumu. Sikuwa na chombo cha kupimia kama vyako, Baba, kwa hiyo nilipima kwa vitu vya ofisini.

Ijumaa nilikwenda kwa Titulaire. Nilikuwa nimekwenda chooni mara mbili kabla ya kugonga mlango wake. Nilimwonyesha mwanya. Alisema mbao huvimba wakati wa mvua, kwamba nisome vizuri vitabu vyangu vya shule. Hata hivyo alimpigia Ushindi, naye akaja na kopo la mastiki, akaziba mwanya wote, akapaka rangi nyeupe juu. Mstari wangu wa penseli ukafunikwa. Titulaire akaniambia haya sasa, ufa wako uko wapi?

Walipokwenda kula, nilitoa rejista zote za kabati la chini, nikazipanga sakafuni kwa miaka yake, nikapiga magoti na kuingiza kichwa ndani pamoja na tochi ya simu. Nyuma kabisa, kando ya nguzo ya katikati, kipande cha lipu kilikuwa kimebanduka. Niliona matofali. Ni mabichi, Baba, ya udongo usiochomwa. Na niliona nguzo yako. Tangu tukiwa wadogo ulituambia kwamba nguzo ya kabati la ukutani lazima iingie ukutani shubiri nzima, na kwamba seremala hukaa na mwashi, tofali kwa tofali, ili kipande kikavu cha mti kilazwe ndani ukuta ukiwa unapanda. Nguzo ile haikuingia. Inaishia juu ya lipu. Imeshikwa na kabari zilizopigwa baadaye katika udongo, na udongo ulipokauka kabari zimelegea. Nilihesabu sita zinazoonekana. Moja niliitoa kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa kalamu mfukoni. Juu yake kulikuwa na ule msalaba mdogo wa penseli unaouweka kwenye kila mti wako.

Nilirudisha kabari mahali pake. Nilirudisha rejista. Nikafunga mlango kwa goti.

Sasa nikueleze ya Alhamisi hii iliyopita, tarehe kumi na sita. Bwana Bonaventure alikuwa amefika kwa ajili ya makabidhiano. Titulaire alichagua Alhamisi makusudi, ukumbi uwe umejaa watoto na picha ziwe nzuri. Mabenchi yote yalijaa. Benchi la kwanza walikaa mama saba, na miongoni mwao Mama Ninahazwe, muuza ndagala, akiwa na mapacha wake magotini. Televisheni iliwashwa juu ya vichwa vyao. Walikuwa wameinua shingo wote kama vifaranga.

Desturi ni kwamba karani husoma PV ya makabidhiano kwa sauti, kisha mgeni hutia sahihi, kisha muhuri. Titulaire alikuwa ameniandikia maneno yote. Nilianza kusoma vizuri. Nilisoma tarehe, majina, aina ya zawadi. Nilipofika penye maoni niliona RAS yake, nikainua macho, nikaona mwanya. Mastiki ilikuwa imepasuka kwa urefu wote, na mwanya ulikuwa mpana hata jalada la rejista lingeingia. Nikasema yafuatayo, nayakumbuka neno kwa neno maana baadaye niliyaandika: kwamba televisheni hii ina kilo hamsini na nane, kwamba chuma chake hakipaswi kubeba zaidi ya arobaini, kwamba makabati hayakuingia ndani ya ukuta bali yameshikwa na kabari katika matofali mabichi, kwamba yameanza kuachana na ukuta, kwamba aliye kwenye benchi la kwanza yuko hatarini sasa hivi, na kwamba mimi karani sitapiga muhuri.

Titulaire alicheka wa kwanza, akamwambia mgeni kwamba huyu binti ana malaria tangu juzi. Kisha akanigeukia na meno yakiwa bado yanaonekana, akaniuliza, "Weye Fabiola, iko unasoma PV ao iko unahubiri?" Nilimjibu kwamba nasoma. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto, lakini ilitoka.

Mama Ninahazwe ndiye aliyesimama. Aliwachukua mapacha mmoja kila mkono, akamwambia Titulaire kwamba kama hii kitu iko nguvu, alete kiti chake akae pale chini yake mpaka picha ziishe, wao watampigia makofi. Wenzake wakaanza kupiga makofi hapohapo. "Titulaire akae! Titulaire akae!" Bibi mmoja aliongeza kwamba asisahau kuvua koti, litachafuka. Titulaire alisema mtu mzima haamriwi kukaa kama mtoto wa chekechea. Hakukaa, Baba. Alirudi hata nyuma hatua moja, na kila mtu aliiona hatua hiyo. Akina mama waliinua benchi wakalitoa uani, watoto mgongoni.

Ushindi alikasirika kwa ajili ya jina lake. Alisema atatuonyesha, akashika kile chuma kwa mikono miwili akajining'iniza kidogo tu, vidole vya miguu bado vikigusa sakafu. Makabati yote yalisogea. Hayakuanguka. Yalitoa mlio kama wa ng'ombe anayeinuka, na mastiki ikamwagika kichwani mwake, na nyuma yake vumbi jekundu la udongo. Aliachia haraka kuliko alivyoshika. Baada ya hapo hakusema habari ya kupe tena. Yeye na wanaume watatu waliishikilia televisheni kwa mabega, wakaitoa skrubu kwa skrubu, wakaiweka sakafuni.

Hapo ndipo Bwana Bonaventure alipouliza nani alijenga makabati haya. Titulaire alijibu upesi kwamba ni seremala mmoja wa zamani, amehama, hata simu yake haijulikani. Alisema hivyo huku akinitazama mimi. Nilimwelewa. Alikuwa ananifungulia mlango mdogo wa nyuma, nipite na jina lako likiwa chini ya nguo yangu, na siku nyingine anidai kwa kupita hapo. Nilisema kwa sauti kwamba siyo kweli kwamba hajulikani. Nilisema ni Mzee Ndahiro, sasa yuko Mulenge, na ni baba yangu mzazi. Watu waligeuka wote. Mwanamke mmoja nyuma alisema, "Ee, anamutaja baba yake!" Nikajibu ndiyo, namtaja.

Jioni ileile nilipewa barua ya kuombwa maelezo. Nimesimamishwa kazi siku thelathini. Titulaire aliniita kabla sijatoka, akaongea nami kwa upole kama mjomba. Alisema televisheni ile ingekaa pale miaka ishirini, kwamba hakuna kitu kilichoanguka, kwamba nimewatia watu hofu na kumwaibisha mzazi wangu kwa ajili ya ajali ambayo haikutokea. Nikiandika kwamba nilikosea, kwamba sikuwa na ujuzi wa ujenzi, nitarudi mezani kwangu Jumatatu. Nisipoandika, kuna wasichana wengi wenye diploma katika mji huu.

Ni kweli haikuanguka. Sitaweza kumwonyesha mtu kioo kilichovunjika wala mtoto aliyeumia. Nikifukuzwa, nitakuwa nimefukuzwa kwa sababu ya kitu ambacho hakikutokea. Nimelifikiria hilo kwa siku tatu, na kila nikilifikiria nafurahi kwamba hakikutokea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna anayelijua, hata Gikundiro. Wewe utalijua kwanza.

Kabari yako niliitoa kwa vidole siku ya Ijumaa tarehe kumi. Nilisema Alhamisi tarehe kumi na sita. Katikati kuna Jumanne. Baba, siku ile ya Jumanne nilijua kila kitu, na nilinyamaza. Sikunyamaza kwa kumwogopa Titulaire peke yake. Nilinyamaza kwa sababu ya ule msalaba wa penseli. Nilisema moyoni, nikizungumza, watauliza kazi ni ya nani, na wazee wa kanisa huko juu hawatakupa tena milango ya hekalu jipya uliyoahidiwa. Asubuhi na mapema nililisogeza benchi mbali, wajawazito wakalirudisha ili waone picha. Nikalisogeza tena, wakalirudisha tena, wakanitania kwamba karani anaona wivu na televizyo. Nikaacha.

Na kuna zaidi. Jumanne ileile ilikuwa zamu ya Gikundiro kupimwa. Saa moja asubuhi nilimpigia simu nikamwambia asije, kwamba mkunga hayupo. Mkunga alikuwepo, alikuwa amesimama karibu yangu akivaa koti lake. Dada yangu nilimweka mbali na ukuta ule kwa uongo. Wanawake wengine thelathini na mmoja niliwaacha waingie na wakae, na majina yao niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa mwandiko mzuri.

Hilo ndilo ninaloliombea msamaha, kwa Mungu na kwa wanawake hao. Ninaukumbuka ukurasa wenyewe. Jioni niliyasoma majina yote nikaona kwamba nilikuwa nimewapima kwa jina lako, na jina lako likawa zito kuliko wao thelathini na mmoja. Baba, nakupenda, lakini sitafanya hivyo tena. Si kwako, si kwa mtu yeyote.

Sikuhukumu kwa yale ya mwaka wa mafuriko. Najua wajawazito walikuwa wanazalia chini ya hema, najua kila mtu alikuwa anakuharakisha, na ukuta uliwekwa lipu ukiwa bado unatoa maji. Makabati yale uliyajenga yabebe karatasi na vikombe, na karatasi na vikombe yalibeba bila shida. Lakini ulisema yanabeba ng'ombe. Watu walikuamini, nami nikaamini, na ulijua kilichokuwa nyuma ya lipu. Nakuandikia haya kwa kuwa ulinisomesha ili nisome kilichoandikwa, na niliyoyasoma ndani ya lile kabati ni haya.

Usimwandikie Titulaire kuniombea. Usimtume mchungaji. Njia ikiwa salama, shuka wewe mwenyewe na msumeno wako. Bwana Bonaventure ameacha neno kwamba televisheni irudi juu siku makabati yatakaposimama kwa haki, na mbao zipo. Nimeuliza watu wanaojua, wamesema nguzo zishuke mpaka sakafuni ili uzito ukae chini, siyo kuning'inia, na boliti ndefu zipite ukuta mzima zikamatwe na bati la chuma upande wa pili, nje, kila mtu azione. Ukuta nimeupima: una sentimita ishirini na nne pamoja na lipu. Kutoka sakafuni mpaka ubao wa katikati ni mita moja na sentimita sabini. Nilipima Ijumaa nikiwa tayari nimesimamishwa kazi, mlinzi akanifungulia na kujifanya anatazama barabarani.

Kesho asubuhi napeleka maelezo yangu. Ni kurasa mbili, hazina neno lolote la kukiri kosa kwa Alhamisi, na Jumanne nimeieleza yote, pamoja na simu niliyompigia dada. Titulaire ataitumia Jumanne hiyo kunifukuza, najua. Pengine nitakwenda tena chooni mara mbili kabla ya kugonga. Lakini nitayapeleka.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shangazi Pudentienne na majirani wote wa upande wa zizi, na wale wazee wa kanisa pia. Wakikuuliza baada ya ibada kama ni kweli kwamba binti yako alikutaja mbele ya watu na mbele ya mgeni, usiseme ni uvumi, Baba. Waambie ni kweli, na kwamba alikutaja kwa jina zima.

Mungu akutunze kifua na mikono.

Mimi binti yako akupendaye na kukuheshimu,

Fabiola